Kuapdeti famuwea kwa mbali: ikifika mbovu, kifaa kitarudije?

Basi jamani tuanze, walio nyuma kama hamnisikii sogeeni. Leo naongelea kuapdeti famuwea kwa mtandao, yaani kifaa kiko juu ya nguzo huko au kimefukiwa kwenye shimo la bomba, wewe uko kwingine kabisa na unataka kukibadilishia programu yote bila kukigusa. Wengi wakianza wanahangaika na namna ya kutuma faili, sijui MQTT, sijui HTTPS, mi naona hapo ndo rahisi kuliko kote, faili litafika tu. Likifika halafu likawa bovu je, kifaa kitarudije?

Tuchukue ESP32, kale kachipu kenye Wi-Fi, maana najua wengi wenu mnayo. Fleshi, yaani memori inayotunza programu hata umeme ukizimwa, tuseme megabaiti 4, unaigawa unapata nafasi mbili za programu, ota_0 na ota_1. Inayotumika iko kwenye moja, mpya inaandikwa kwenye nyingine, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kupakua hamna shida, ya zamani haijaguswa. Halafu kuna kaeneo kadogo kanaitwa otadata, hako ndo kanamwambia butiloda, kale kaprogramu kanakowaka kwanza na kuwasha programu kubwa, aanzie wapi. Sasa angalieni ujanja wa waliokatengeneza: kana sekta mbili, yaani vipande vya fleshi, za baiti 4096 kila moja, kwa sababu kwenye fleshi huandiki juu ya kilichopo, lazima ufute sekta nzima kwanza ndo uandike, na umeme ukikatika ukishafuta na hujaandika umebaki na sekta tupu. Kwa hiyo zinaandikwa kwa zamu, hii ikiharibika ile ipo. Mtu anayejitengenezea butiloda yake hapo ndo anapoteleza, anaweka alama moja sehemu moja, mezani inafanya kazi vizuri tu kwa sababu mezani umeme haukatiki.

Saini ya kidijitali, yaani muhuri unaouweka kwenye faili kwa ufunguo wa siri, nipite haraka. SHA-256, ile namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, peke yake inakwambia faili halijaharibika njiani, haikwambii nani kalituma, kwa hiyo saini lazima, na ufunguo wa siri usiuweke kwenye sava ile ile inayogawa apdeti, tafadhali. Ila saini nayo haikuokoi na mkono wako mwenyewe. Agosti 2017 kampuni ya Marekani, LockState, ilituma famuwea ya modeli nyingine kwenye kufuli za milango, kama 500 hivi zikafa, na hazikuweza tena kupokea marekebisho kwa mtandao, ikabidi wateja wafungue kipande cha nyuma wakirudishe au wasubiri kufuli jingine. Faili lilikuwa la kwao wenyewe, ulisaini usilisaini ni lile lile. Namba ya modeli iwe ndani ya kile kilichosainiwa na kifaa kiikague chenyewe kabla hakijafuta chochote.

Sasa hapa nisikilizeni. Ukiwasha ile seting ya kurudi nyuma, haiji imewashwa hiyo, programu mpya ikiwaka mara ya kwanza iko kwenye majaribio, ikirestati kabla haijasema "niko sawa" butiloda anarudisha ya zamani. Swali linakuja, iseme niko sawa saa ngapi? Watu wanaiweka mstari wa kwanza kabisa wa programu! Taa inawaka, imeshajipitisha, halafu Wi-Fi haishiki, na hapo kifaa umekipoteza. Mi nasema isijipitishe mpaka iwe imefika kwenye sava ya apdeti, imefungua TLS, yaani muunganisho uliofichwa kwa usalama, imepakua hata kafaili kadogo kutoka kule, maana programu inayoweza kupokea apdeti nyingine hata ikiwa na bagi kumi utazirekebisha. Na iwe na taima, dakika kadhaa bila kufika sava ijirestati yenyewe.

Eeh, wewe wa dirishani uliza. ...Anauliza mtandao wenyewe ukiwa umekufa siku hiyo je. Itarudi ya zamani, itajaribu tena baadaye, sio msiba. Ila hesabu majaribio, ikirudi mara tatu kwa toleo lile lile iache kulipakua na iripoti, la sivyo kifaa cha laini ya simu kitakumalizia bando lote kinapakua na kurudi, kinapakua na kurudi, na hiyo huioni mpaka bili ije. Ndo maana pia unaanza na vifaa vichache, unalala, asubuhi unaangalia ripoti ndo unaachia vingine.