Saa Mbili ya Nani?

Mazungumzo haya yamerekodiwa Shangani, Mtwara. Mjomba anatunza seva za vyama vya ushirika na ofisi ndogondogo za mkoa. Mpwa anafanya kazi hiyohiyo kwenye shule na zahanati, Mtwara na Lindi.

MPWA: Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba mpwa wangu. Za kutwa?

MPWA: Njema kabisa. Wasikilizaji, karibuni tena. Dirisha tumeliacha wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo mkisikia bajaji inapita ndiyo mtaa wetu huo. Leo nimembana mjomba asimulie kisa cha saa mbili, maana miaka yote ananipa vipandevipande.

MJOMBA: Leo nakitoa chote. Kuna chama cha msingi kimoja huku kwetu, jina naliacha, nilikuwa nawatunzia seva. Nikisema seva, msifikirie chumba chenye viyoyozi. Ilikuwa kompyuta ya mezani, tumeipandisha juu ya stuli ili maji ya kudekia yasiifikie. Ndani ina Debian, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Linux, na hifadhidata ni PostgreSQL. Mkulima akileta korosho zake, zinapimwa, na kilo zinaingia humo: jina, namba yake, daraja, uzito, tarehe. Zikishauzwa mnadani, malipo yanafuata zile kilo.

MPWA: Yaani humo ndani ni ada za watoto na mabati ya nyumba.

MJOMBA: Ndiyo hayo. Sasa katibu akaniambia, "Fundi, ile nakala ya akiba iwe inachukuliwa saa mbili usiku, tukishafunga hesabu." Nikasema sawa. Nikafungua ratiba ya cron, nikaandika sifuri, mbili, nyota tatu. Nikafunga, nikaenda nyumbani.

MPWA: Ngoja hapo, tuwaeleze wasiojua. Cron ni programu inayoamsha kazi kwa ratiba. Unaiandikia dakika, halafu saa, halafu siku. Na saa inayoijua ni ya kuanzia usiku wa manane, 0 hadi 23. Ukiiandikia 2, kwake ni ile tunayoiita sisi saa nane usiku.

MJOMBA: Na hiyo ingekuwa nafuu. Nilipoisimika ile mashine sikugusa majira yake ya saa, niliiacha kwenye UTC, ile saa ya kulinganishia ya dunia nzima. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kwa hiyo ile 2 yangu ikawa saa kumi na moja alfajiri ya Mtwara. Alichotaka katibu, saa mbili usiku, kwenye UTC kinaandikwa 17.

MPWA: Tofauti ya saa tisa.

MJOMBA: Saa tisa, na bado hilo peke yake lisingetuumiza. Nakala ya alfajiri ni nakala pia. Kilichotuumiza ni kwamba mlinzi alikuwa na maagizo ya kuzima swichi kuu saa nne usiku na kuiwasha saa moja asubuhi, kubana luku. Na cron haina kumbukumbu. Saa ya kazi ikipita mashine imezimwa, ndiyo imepita. Ikiwaka asubuhi haiulizi jana nilikosa nini. Msimu mzima wa korosho haikuchukua nakala hata moja.

MPWA: Ukajua lini?

MJOMBA: Siku diski ilipokufa. Kuzimwa kwa swichi kila usiku, na hii hewa yetu ya chumvi, vilikuwa vimeichosha, nayo ilikuwa inagonga tangu asubuhi. Nikamwambia katibu usijali, nakala ipo. Nikafungua folda, tupu. Mpwa wangu, nilikaa pale nikitazama skrini mpaka karani akauliza kama naumwa.

MPWA: Katibu alisemaje?

MJOMBA: Hakunifokea. Alikwenda stoo akatoka na sanduku la stakabadhi za karatasi. Tukakaa watu watatu tukaingiza upya, moja baada ya nyingine, siku 9. Zilizolowa tukawapigia simu wenyewe waje na nakala zao. Na walikuja. Kuna mzee alitembea kutoka kijijini ameifunga karatasi yake kwenye mfuko wa nailoni, ameikunja kama hati ya shamba. Ile karatasi ilikuwa imetunzwa kuliko seva yangu.

MPWA: Ndiyo maana siku ya kwanza uliyonifundisha hukunionyesha amri hata moja. Ulinipa daftari ukaniambia niandike saa kwa namna tatu.

MJOMBA: Ya kwetu, ya mashine, na ya UTC. Mpaka leo nafanya hivyo. Juu ya kila mstari wa ratiba naweka alama ya reli, halafu naandika kwa Kiswahili: hii ni saa mbili usiku ya Mtwara. Mashine inauruka ule mstari, lakini fundi atakayekuja baada yangu atausoma. Kazi zenyewe nimezihamishia kwenye ratiba za systemd, programu ya Linux inayosimamia kazi za mashine, kwa sababu kule kuna kipengele cha kuiambia kwamba kama ulikuwa umezimwa, ukiamka fanya kazi uliyoikosa. Na kila asubuhi napata ujumbe wenye ukubwa wa faili la nakala. Ukubwa, siyo neno "tayari". Faili likija na baiti sifuri nitajua kabla ya chai.

MPWA: Mimi hilo somo la saa lilinipeleka mbali. Nilitaka kujua mashine inajuaje kwamba Mtwara ni saa tatu mbele. Nikakuta kuna hifadhi ya majira ya dunia nzima, ni faili za maandishi tu, unaweza kuzisoma kama kitabu. Aliyeianzisha miaka ya 1980 ni Arthur David Olson, na kwa miaka mingi sasa anayeiratibu ni Paul Eggert. Linux inaisoma, simu za Android zinaisoma, iPhone pia. Nchi ikitangaza leo kwamba inabadilisha saa zake, lazima mtu akae aandike mstari humo, ndipo simu za watu zipate kujua.

MJOMBA: Na sisi tumo?

MPWA: Tumo, kwa jina la Africa/Dar_es_Salaam. Lakini ukilifuata unakuta ni kiungo kinachokupeleka Nairobi. Kanuni yao ni kwamba sehemu ambazo saa zake zimelingana tangu 1970 zinawekwa pamoja. Nikaona, kumbe kila usiku nakala ya zahanati Lindi inapoanza, inaanza kwa sababu kuna mtu asiyenijua aliona umuhimu wa kuandika saa za kwetu sawasawa. Nililia kidogo, mjomba, sikukwambia.

MJOMBA: Kulia kwa hilo ni haki.

MPWA: Tena saa ikikosea inaharibu vitu usivyotegemea. Kuna zahanati waliniita kwamba intaneti imekufa. Nikafika, mtandao unafanya kazi vizuri, ila kila tovuti inakataa kufunguka, eti cheti chake cha usalama si halali. Na apt, ile programu ya Debian ya kuleta pakiti, yaani programu zilizofungashwa tayari kusimikwa, nayo inagoma, inadai orodha ya pakiti haijaanza kutumika. Nikaangalia tarehe ya mashine, iko nyuma miaka kadhaa. Betri ya ubao mama ilikuwa imekwisha, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Umeme ukikatika inasahau leo ni lini, na kwa mashine iliyoko nyuma vyeti vyote vya leo ni vya kesho kutwa. Nikabadilisha betri, nikaiunganisha na seva za kujitolea za kugawa saa, ikatulia. Sasa natembea na betri mbili kwenye mkoba.

MJOMBA: Waambie na habari ya ghala lako.

MPWA: Ghala ni hifadhi yangu ya pakiti, na faida yake niliiona Mei 2024. Mnakumbuka, mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilipita, maji yakabeba barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Magari yakakwama pande zote mbili. Kabla hatujapumua, Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nzima intaneti ikawa inatambaa. Na mimi nina kompyuta 6 za maabara ya shule nimeahidi kuziwekea mfumo wiki ile.

MJOMBA: Barabara hakuna, waya hakuna.

MPWA: Hakuna. Lakini nilikuwa na kompyuta mpakato moja nzee, bawaba zimevunjika, nimeiwekea programu ya apt-cacher-ng. Ndiyo hilo ghala. Kazi yake ni kusimama katikati: kompyuta ikiomba pakiti, yeye anaileta kutoka nje na kubaki na nakala. Ya pili ikiomba hiyohiyo, inapewa ya hapahapa. Miezi yote niliyokuwa nikisimika mashine, ilikuwa inakusanya. Nikaibeba kwenye kikapu mpaka shuleni. Zile 6 zote zilisimama kwa siku moja na nusu. Pakiti mbili tu ndizo zilikosekana, nikazisubiri usiku.

MJOMBA: Hapo ndipo watu huniuliza, pakiti zilizokaa kwenye kompyuta nzee ya kikapuni, utaziaminije? Jibu ni sahihi ya kidijitali. Debian wanatia sahihi kwenye orodha, na orodha ina alama ya kila pakiti, kama ya kidole gumba. Badilisha herufi moja tu ndani ya pakiti, apt inaikataa. Kwa hiyo hata diski ikisafiri na basi kutoka Masasi, ikapita mikono ya kondakta na muuza maji, kilichomo kinajithibitisha chenyewe.

MPWA: Lakini mjomba, sahihi haikuzuia XZ.

MJOMBA: Haikuzuia. Hilo nalo tuliseme, maana linanikosesha usingizi mpaka leo. Elezea.

MPWA: XZ ni programu ya kubana mafaili, iko karibu kila Linux. Aliyeitunza kwa miaka ni Lasse Collin, wa Finland, kwa kujitolea, karibu peke yake. Mwaka 2022 watu walikuwa wanamsukuma kwamba anachelewa, naye akajibu waziwazi kwamba afya ya akili inamsumbua na kwamba hii ni kazi asiyolipwa. Pembeni yake kulikuwa na mtu aliyejiita Jia Tan, amekuwa akileta masahihisho mazuri kwa subira. Akaaminiwa, akapewa funguo. Mapema 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake kuna mlango wa siri wa kuingilia seva za watu kupitia OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali kwa njia iitwayo SSH. Sahihi ilikuwa halali, kwa sababu aliyetia sumu ndiye mwenye funguo za jiko.

MJOMBA: Na aliyekamata?

MPWA: Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, hiyohiyo iliyokuwa inatunza kilo za wakulima wako. Alikuwa anapima mambo yake kwenye Debian ya majaribio, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa. Nusu sekunde. Hakuipuuza. Akachimba mpaka akaukuta mlango, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia. Matoleo yale yalikuwa hayajafika Debian imara tunayoitumia sisi.

MJOMBA: Mimi nikisikia nusu sekunde namkumbuka bibi mmoja kwenye mizani, zamani. Karani kasoma kilo, bibi kasema hapana, gunia hili nimelijaza mimi na nimelibeba mimi, si hizo. Foleni ikaguna kwamba anachelewesha. Akasimama palepale. Tulipoipima upya, mizani ilikuwa imeegemea jiwe. Ni mtu anayejua mzigo wake kwa mgongo. Huyo Freund alikuwa anaijua mashine yake namna hiyo.

MPWA: Mimi ninayemfikiria zaidi ni Collin. Miaka yote nimebana mafaili kwa kazi yake na sikuwahi kujua jina lake. Baada ya lile tukio nilichukua orodha ya programu ninazozitegemea kila siku, nikatafuta zinatunzwa na nani. Mojawapo, ndogo tu, ina mtu mmoja. Nikamwandikia barua pepe: nipo Mtwara, Tanzania, programu yako inafanya kazi kwenye zahanati hizi, asante, sina ombi. Alinijibu baada ya siku 2. Kwanza alishukuru, halafu akauliza kama kuna lolote linalotusumbua huku. Nikamwambia maelezo yake ya ratiba hayasemi wazi ni saa ya majira gani. Akanikaribisha niandike sentensi mwenyewe. Nikaandika. Ikaingia kwenye toleo lililofuata.

MJOMBA: Sentensi ngapi?

MPWA: Mbili. Zinasema angalia majira ya mashine yako kabla ya kuandika saa, na mfano niliouweka ni wa Dar es Salaam.

MJOMBA: Hilo hukuniambia.

MPWA: Nilikuwa nakuwekea leo.

MJOMBA: Mungu akubariki, mpwa wangu. Nitamwonyesha katibu, bado yupo. Saa ngapi sasa?

MPWA: Mbili kasoro robo usiku, ya Mtwara. Zahanati inaanza kuchukua nakala baada ya dakika 15, na leo ni zamu ya kuirudisha yote kwenye mashine ya majaribio, nione kama inafunguka.

MJOMBA: Basi zima kinasa sauti. Nasogeza kiti, tukae wote.