Mwambie Daktari Tumbo Tu

SHANGAZI: Asalaam aleikum, na habari za majumbani. Tupo jikoni kwangu, mjini Leicester, Uingereza, kwa hiyo mkisikia sufuria inachemka msishtuke, ni maharage. Mwenzangu ndiyo kwanza anaingia.

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Nakungoja tangu asubuhi. Tulisema saa tatu.

MPWA: Hukusema, uliandika. Ujumbe huu hapa: "njoo 3". Nikaja 3. Sasa hivi ni saa tisa alasiri, nimewahi dakika mbili.

SHANGAZI: Haya, wasikilizaji, mmejionea. Miaka yote hiyo na bado saa zinatukosanisha. Anza na hilo hilo, maana mada ya leo umeileta wewe: mtoto wa miaka kumi na kitu aliyehamia ugenini na wazazi, akageuzwa mdomo wa nyumba.

MPWA: Tulifika mwaka 2012, nina miaka kumi na miwili. Baba alikuwa anafanya kazi usiku, mama Kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Baada ya miezi kama minane mimi tayari nasema na wenzangu shuleni, basi kila barua ikidondoka mlangoni naitwa: "Njoo usome." Siku moja ikaja ya hospitali, miadi ya mama. Imeandikwa 9:00. Mimi nikaona tisa, nikasema, "Mama, Alhamisi saa tisa."

SHANGAZI: Yarabi.

MPWA: Mama akafua, akapika, akavaa baibui lake zuri, akaenda saa tisa alasiri. Wanamwambia miadi yako ilikuwa asubuhi, umechelewa saa sita. Hakuelewa wanachosema, akanipigia simu niwasikilize. Nipo kwenye korido ya shule, natafsiri kosa langu mwenyewe.

SHANGAZI: Ulimwambia ni kosa lako?

MPWA: Nilimwambia wamebadilisha ratiba.

SHANGAZI: Mkalimani mwongo!

MPWA: Subiri, hujasikia ya mkutano wa wazazi. Kule shule ya sekondari mzazi anakaa mbele ya kila mwalimu dakika tano, na mwanafunzi yupo hapo hapo. Mwalimu wa sayansi akamwaga yake yote: ana akili lakini anapiga soga, kazi za nyumbani haleti, wiki iliyopita nimemtoa nje. Mama ananitazama mimi. Nikasema, "Anasema nina akili na ninachangamka darasani."

SHANGAZI: Na wifi yangu akakubali?

MPWA: Akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Tukatoka, tukapanda basi, tukakaa. Kimya. Tulipokaribia kushuka akasema, "Yule bwana kakunja uso dakika tano, wewe umetafsiri neno kumi. Kiingereza sijui, mwanangu. Uso naujua."

SHANGAZI: Hapo ndipo ungepata kofi.

MPWA: Bora angenipiga. Alinyamaza mpaka Ijumaa.

SHANGAZI: Sisi Tanga tulikuwa hatujui haya. Tunaletewa picha kwenye WhatsApp, mtoto amesimama kwenye theluji na koti jekundu, tunasema mtoto wa kaka kafika Ulaya, kanenepa. Mimi nimekuja mwaka 2017 nikakukuta karani. Mtoto wa miaka kumi na saba ana faili! Bili ya umeme, bili ya gesi, kodi ya halmashauri, barua za mwenye nyumba, zote umezipanga kwenye boksi la viatu.

MPWA: Lile boksi bado lipo. Unajua kitu kilichonichosha si kutafsiri, ni kujua. Wenzangu walikuwa hawajui kodi ya nyumba yao ni kiasi gani. Mimi nilijua tunadaiwa kiasi gani, na nilijua kabla ya mama, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua bahasha. Kuna siku niliikunja nikaiweka mfukoni, nikamwambia kesho yake.

SHANGAZI: Kwa nini?

MPWA: Alikuwa anacheka. Alikuwa kwenye simu na wewe.

SHANGAZI: ...Haya. Ngoja nipunguze moto hapa.

MPWA: Na zile simu za kusubirishwa! Muziki nusu saa, halafu anakuja mtu, "Naomba kuzungumza na mwenye akaunti." Namwamsha baba aliyetoka kazini alfajiri, anasema "yes, yes", ananirudishia simu, analala palepale alipokaa. Tarehe ya kuzaliwa ya baba naikumbuka kuliko yangu.

SHANGAZI: Sasa nataka tufike kwa daktari. Na niseme mapema: mama yako kaniruhusu nilizungumze hili mpaka mahali fulani, nikifika pale nitasimama, na wewe usinisukume.

MPWA: Sawa. Upande wangu ni huu. Mwaka 2013, nina kumi na tatu, kituo cha afya cha mtaani. Daktari mwanamume, mpole. Anauliza tatizo nini. Mama akaanza, "Mwambie kwamba siku zangu..." akakatiza. Akanitazama, akatazama mapaja yake, akavuta mtandio. Akasema, "Mwambie daktari tumbo tu. Lina kichomi."

SHANGAZI: Na wewe kichomi ukakijua?

MPWA: Nilijua kuchoma. Mahindi yanachomwa, nyama inachomwa. Nikamwambia daktari tumbo linaungua.

SHANGAZI: Wakati kichomi kinadunga. Kama sindano.

MPWA: Daktari akauliza anakula pilipili? Swali gani hilo kumuuliza mtu wa Tanga. Akaandika dawa ya kiungulia, ile nyeupe nzito kama chokaa. Mama akainywa miezi, kila baada ya chakula, wala haikuwa na maana yoyote.

SHANGAZI: Upande wangu. Usiku ule ule alinipigia, akanieleza yote, kinagaubaga, mwanamke kwa mwanamke. Nikamwambia, wifi, hayo mbona humwambii daktari? Akanijibu, "Nitayasemaje, na mkalimani ni mwanangu wa kiume?"

MPWA: Hilo sikulijua.

SHANGAZI: Ungelijuaje? Alipona, alhamdulillahi, jirani mmoja Mkongomani alimsindikiza baadaye. Nimefika pale niliposema nitasimama.

MPWA: Mimi nilidhani nilikosea neno moja tu.

SHANGAZI: Neno ulilikosea, lakini hata ungelijua, alikuwa ameshalificha.

MPWA: Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba mkalimani alikuwepo. Huduma ya afya hapa humwekea mgonjwa mkalimani bure, kwa simu au ana kwa ana, ukiomba mapema. Mwongozo wao uliotoka baadaye, mwaka 2018, ulisema kabisa kwamba mtoto wa chini ya miaka kumi na sita asitumike. Pale mapokezi kulikuwa na karatasi ukutani inayosema omba mkalimani. Unajua imeandikwa kwa lugha gani?

SHANGAZI: Usiniambie.

MPWA: Kiingereza. Na mwenye kuisoma alikuwa mimi, na mimi sikuona kama inanihusu. Mkalimani si nipo?

SHANGAZI: Sasa nisimulie lile duka, maana nikisikia ya daktari peke yake nitalia.

MPWA: Ah, duka! Barabara ya Belgrave, kule kwa Wahindi. Miezi ya mwanzo mama hatoki bila mimi. Jumamosi tumeingia kutafuta unga wa sembe, mama ananiambia muulize bei ya mihogo. Kabla sijafungua mdomo, yule mzee nyuma ya kaunta, mvi tupu, akasema, "Mama, mihogo hiyo ya jana, ngoja nikutolee ya leo."

SHANGAZI: Subhanallah.

MPWA: Kiswahili chake cha Kampala, kimekaa kwenye jokofu tangu mwaka 1972! Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini waondoke Uganda, na wengi wakaja Leicester. Halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije, mji umejaa.

SHANGAZI: Na wakaja.

MPWA: Wakaja, wakafungua maduka. Basi mama yangu, shangazi, yule mtu ninayemsemea kila mahali, akaweka kikapu chini. Akabishana bei! Akamwambia mihogo gani hii, kwetu tunawapa mbuzi. Mzee anacheka, anamwita mwenzake njoo umsikie huyu. Nimesimama pembeni na mfuko wa unga. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu ni mcheshi.

SHANGAZI: Mcheshi huyo? Harusi nzima Tanga ilikuwa haichezwi mpaka yeye afike.

MPWA: Mimi nilikuwa namtafsiri kama mtu wa maneno machache, kwa sababu maneno machache ndiyo niliyokuwa nayo.

SHANGAZI: Na mdogo wako aliyezaliwa hapa, sasa ana kumi na mbili. Yeye anatafsiri?

MPWA: Kinyume chake. Bibi akipiga simu, mimi ndiye natafsiri kwa ajili yake. Bibi anamuuliza, "Hujambo mjukuu wangu?" anajibu "Shikamoo", anakimbia. Mwaka jana nilimtafsiria swali la bibi, "Unafunga?" Mimi mwenyewe nikakumbuka Ramadhani ya 2016, mitihani ya GCSE, ile ya sekondari ya hapa, mwezi Juni, jua linazama saa tatu na nusu usiku.

SHANGAZI: Saa tatu na nusu ya Kiswahili?

MPWA: Ya Kiswahili, shangazi. Zaidi ya saa kumi na nane bila maji. Mitihani mingine mikubwa waliiwahisha kidogo mwaka ule kwa ajili hiyo. Bibi nilipomweleza jua lisilozama akasema namdanganya, na kwa rekodi yangu ya ukalimani simlaumu.

SHANGAZI: Kabla maharage hayajaungua, sema ya wiki iliyopita.

MPWA: Mama alikuwa na miadi kituo cha afya. Nimempeleka na gari, nimezoea, nikanyanyuka naye alipoitwa. Akanigeukia mlangoni: "We kaa hapo nje." Kumbe ameomba mkalimani wa simu mwenyewe, ameshapiga, kwa Kiingereza chake. Nimekaa dakika ishirini nasoma matangazo ukutani. Akatoka, nikamuuliza, kasemaje daktari?

SHANGAZI: Akakwambia?

MPWA: "Ya wakubwa hayo. Twende Belgrave, mihogo imeisha."