Mboji ya nyuma ya nyumba: pipa, paleti na kinachowekwa ndani

Karibuni watazamaji. Leo tunatengeneza mboji katika ua wa kawaida wa Dar es Salaam, mahali ambapo udongo ni mchanga mtupu, maji yakimwagwa yanazama papo hapo, na tuta la mchicha lisilo na mboji hudumaa hata likimwagiliwa asubuhi na jioni. Nitawaonyesha vyombo viwili, yaani pipa na sanduku la paleti, zile fremu za mbao zinazowekwa chini ya mizigo. Hata hivyo muda mwingi nitautumia kwenye kinachowekwa ndani yake, kwa sababu mboji nyingi za majumbani huharibika kutokana na taka mbichi kuzidi vitu vikavu, chombo chenyewe kikiwa hakina kosa lolote.

Kazi ya kwanza, basi, ni kukusanya vikavu kabla hujaweka hata ganda moja la ndizi. Jaza viroba vitatu au vinne vya majani yaliyodondoka chini ya mwembe au mkungu, nyasi zilizokauka, na maboksi yaliyochanwachanwa baada ya kubanduliwa selotepu. Maranda ya fundi seremala yanafaa pia, ila uliza kwanza mbao zimetoka wapi, kwa kuwa mbao nyingi za kuezekea hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na mara nyingi dawa hiyo huziachia rangi ya kijani. Maranda ya namna hiyo yaacheni hukohuko karakana.

Upande wa vibichi, jikoni panatosha: maganda ya matunda, mabaki ya mboga, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyopondwa, pamoja na magugu yaliyong'olewa kabla hayajatoa mbegu. Machicha ya nazi yanaruhusiwa, lakini yatawanyeni kwa kuyanyunyiza, maana yakimwagwa mahali pamoja hushikana kuwa bonge lisilopitisha hewa na huanza kunuka uvundo baada ya siku chache. Nyama, mifupa, matumbo ya samaki, mafuta na wali uliolala havihitajiki hapa, kwani ndivyo vinavyowaita panya. Kinyesi cha mbwa na paka nacho kisiingie kabisa katika mboji ya bustani ya mboga.

Sasa tuangalie chombo. Kwa ua mdogo, pipa la plastiki la lita 200 linatosha, mradi uwe na hakika kwamba halikubeba kemikali. Shika msumari mrefu kwa koleo, uuchome motoni, kisha toboa matundu kuzunguka pipa lote, umbali wa kiganja kimoja kati ya tundu na tundu, na matundu mengi zaidi kwenye kitako ili maji yatoke. Liweke juu ya matofali manne, chini ya kivuli, mbali na kisima. Niseme wazi kwamba pipa halipati joto kubwa, kwa sababu ujazo wake ni mdogo na joto hupotelea pembeni; mboji itapatikana, ila itachukua muda mrefu zaidi, na mbegu za magugu hazitakufa.

Mwenye nafasi atengeneze sanduku la paleti nne, lenye upana, urefu na kimo cha takriban mita moja. Kabla ya kununua paleti, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni: herufi HT zina maana kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, na hizo ni salama, lakini zenye herufi MB zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu ya kuua wadudu, kwa hiyo ziache. Funga paleti tatu kwa waya wa kufungia nondo, na ya nne, ya mbele, ifunge upande mmoja tu ili ifunguke kama mlango. Sanduku likae moja kwa moja juu ya udongo ili minyoo ipande. Kama eneo lenu lina panya, tandikeni chini na pembeni wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwani wavu wa kuku panya wadogo huupenya.

Tunaanza kupanga. Chini kabisa weka vijiti na matawi membamba, kimo cha sentimita 15, ili hewa iingie kutoka chini. Juu yake weka vikavu kama sentimita 20, halafu vibichi visivyozidi sentimita saba, kisha nyunyiza samadi au udongo wa bustani kiasi cha kufunika, na umwagilie. Rudia mpangilio huo hadi sanduku lijae, na tabaka la juu kabisa liwe la vikavu. Majivu ya jikoni yasizidi konzi moja kwa kila tabaka, kwa sababu yakizidi husababisha naitrojeni ipotee hewani. Unyevu unapimwa kwa mkono: chukua konzi moja, uikamue kwa nguvu, na yakitoka matone mawili matatu tu, umepatia. Yakichuruzika, ongeza maranda au majani makavu.

Hatua inayofuata hupuuzwa na wengi, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Chonga fimbo ndefu iliyonyooka, uichomeke kimshazari hadi katikati ya lundo, na uiache humo. Baada ya siku tatu au nne ichomoe na uishike palepale ilipochomoka. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linafanya kazi; katikati huweza kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi. Ikitoka kavu, na pengine ina ukungu mweupe, ongeza maji. Ikitoka baridi, imelowa na inanuka mayai viza, lundo limekosa hewa, hivyo lipindue na uchanganye vikavu. Harufu kali inayowasha pua ina maana kwamba samadi ya kuku, au vibichi kwa jumla, vimezidi.

Baada ya wiki mbili au tatu, fungua mlango na upindue lundo kwa uma wa shamba, ukihakikisha kwamba vilivyokuwa pembeni vinaingia katikati. Fanya hivyo tena baada ya muda kama huo. Wakati wa masika funikeni kwa turubai au makuti, kwa maana mvua za Aprili hulizamisha lundo na kuisukuma rutuba ya mbolea mchangani. Wakati wa kiangazi mwagilieni kila mnapoona sisimizi wamehamia, kwa sababu wanapenda pakavu. Mkikuta funza wanene wa rangi ya kijivu, msipulize dawa. Mara nyingi hao ni funza wa nzi chuma, wanaokula mabaki ya jikoni kwa kasi kubwa, na kuku wanawafurahia sana.

Lundo lililopinduliwa vizuri huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi: limeshuka hadi karibu nusu ya kimo chake, ni jeusi, linanukia udongo uliolowa, na fimbo haipati joto tena. Kwa hakika zaidi, jaza mboji kwenye kopo, panda mbegu chache za mchicha, na usubiri wiki moja. Zikiota na miche ikasimama vizuri, chekecha mboji yako na uitandaze kwenye tuta kwa unene wa sentimita tatu hadi tano, uichanganye na udongo wa juu. Makokwa ya embe na vijiti vitakavyobaki kwenye chekeche virudishe chini ya lundo jipya.