Kuituliza Kruza Kwenye Mwendo Mdogo: Anza na Sailensa, Malizia na Sproketi

Karibuni, ndugu watazamaji. Pikipiki iliyo mbele ya kamera ni kruza kubwa, yaani pikipiki nzito ya safari ndefu, yenye injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, kabureta mbili, na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Ukiwa nayo kwenye barabara kuu ya kuelekea Makambako inakwenda kwa utulivu unaopendeza, lakini ukiingia nayo Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, jioni, au ukijikuta nyuma ya lori la mizigo kwenye Mlima Nyoka, inaanza kushtukashtuka, cheni inapiga, na dereva analazimika kuibembeleza klachi mpaka mkono unachoka. Katika video hii tutaitafutia kasoro hiyo dawa kwa utaratibu, na ninaomba utaratibu wenyewe uheshimiwe, kwa sababu watu wengi hukimbilia kubadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, kabla ya kujua kama injini yenyewe inapumua sawasawa.

Yako mambo mawili yanayoifanya kruza itaabike katika nyanda zetu za juu. La kwanza ni gia. Pikipiki hizi zimepangiwa gia ndefu, zinazofaa mwendo mrefu wa kilomita 90 au 100 kwa saa bila injini kupiga kelele, wakati sisi tunapita kijiji baada ya kijiji kwenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na katikati yake kuna matuta yanayotushusha hadi mwendo wa baiskeli. La pili ni hewa. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho msongamano wa hewa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na upungufu huo, na kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi kupita hewa inayoingia. Kwa hiyo gia ambayo kule bondeni ingevutwa bila shida, huku inailemea injini.

Hatua ya kwanza ni kuitambua kasoro kabla ya kushika spana. Pasha injini moto, tafuta barabara tambarare isiyo na msongamano, weka gia ya pili, kisha shika eksileta mahali pamoja ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa. Sikiliza kwa makini. Ikiwa pikipiki inasonga na kurudi nyuma ilhali mkono wako umetulia, kasoro iko kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli au kwenye ulegevu wa cheni. Ikiwa inakwenda vizuri kwenye gia ya pili lakini inagonga na kutetemeka unapoweka ya tatu kwa mwendo uleule, hapo ndipo gia inapolalamikiwa kwa haki. Mwishowe simama, weka nyutro, na uiache katika sailensa, yaani injini ingurume yenyewe bila kuongezwa mafuta. Injini inayoyumba ikiwa imesimama haiwezi kuponywa na sproketi ya aina yoyote.

Sasa tunakuja kwenye ulegevu, na hapa ninawasihi msifanye haraka, kwa sababu kazi hii haina gharama na huondoa sehemu kubwa ya kushtuka. Zungusha mshikio wa eksileta taratibu kabla waya haujaanza kuvuta. Uhuru wa milimita 2 hadi 3 kwenye ukingo wa mshikio unatosha. Ukizidi, kila unapofunga na kufungua mafuta injini inachelewa, kisha inaruka ghafla. Baada ya hapo zungusha usukani kushoto na kulia huku injini ikinguruma, nawe hakikisha mlio haubadiliki, maana waya ulioachwa mfupi mno unaweza kuvuta mafuta wenyewe kwenye kona.

Tazama cheni. Zungusha gurudumu la nyuma polepole ukitafuta mahali cheni inapokaza zaidi, kisha pima hapo, katikati ya sproketi mbili, inapanda na kushuka kwa kiasi gani. Pikipiki nyingi za namna hii huhitaji kati ya milimita 20 na 35, ila kipimo chako halisi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mkono wa gurudumu la nyuma au kwenye kitabu cha pikipiki. Kama cheni inakaza sana upande mmoja na kulegea upande mwingine, imekwisha, na kuirekebisha ni kupoteza muda. Angalia pia mipira iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile inayopokea mshtuko wa sproketi: shika sproketi kubwa uitikise huku gurudumu limetulia. Mipira iliyosagika hufanya pikipiki iruke hata kama cheni ni mpya, na ni jambo linalosahauliwa mara nyingi.

Hatua inayofuata ni hewa, moto na petroli. Fungua chujio la hewa. Vumbi la kiangazi linatosha kuliziba chujio na kuongeza petroli kwenye mchanganyiko ambao tayari umezidi kwa sababu ya kimo. Toa plagi zote mbili uziweke pamoja kama ninavyofanya hapa. Rangi ya kahawia iliyofifia ni njema. Masizi meusi makavu yanasema petroli imezidi. Weupe uliokauka unasema petroli ni pungufu, na hilo ni la hatari zaidi kwa sababu injini inachemka. Plagi moja ikiwa nyeusi na nyingine nyeupe, usiguse jeti (vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta) hata moja mpaka utafute tofauti ya silinda hizo mbili, na mahali pa kuanzia ni mipira inayounganisha kabureta na injini. Injini ikiwa katika sailensa, nyunyizia maji kidogo kuzunguka mpira huo. Mlio ukibadilika, hewa inapenya. Ninatumia maji, situmii petroli wala dawa ya kusafishia kabureta, kwa kuwa injini ni ya moto na sitaki yeyote kati yenu aunguze karakana yake. Kama pikipiki yako ina tapeti (sehemu zinazosukuma vali za injini) za kurekebishwa, zipimwe pia wakati huu, injini ikiwa baridi kabisa.

Ndipo tunaigusa kabureta. Skrubu ya mchanganyiko kwenye kruza nyingi iko upande wa injini, imezama ndani, na pengine imezibwa kiwandani kwa kizibo kidogo cha shaba. Kabla ya kuitoa, ifunge kwa upole mpaka ifike mwisho huku ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Usiikaze, kwani ncha yake ni nyembamba na ikiharibu kiti chake kabureta haitatulia tena. Irudishe ilipokuwa, washa injini iliyopata moto, kisha geuza robo mzunguko kwa zamu, ukisubiri kidogo kila mara, mpaka upate mahali ambapo sailensa inapanda zaidi na kutulia. Skrubu ya aina hii ukiifungua unaongeza petroli, ukiifunga unapunguza, na huku juu utakuta mara nyingi inataka kufungwa kidogo kuliko ilivyotoka kiwandani. Mwisho rudisha sailensa kwenye kiwango cha kitabu chako, ambacho kwa injini kubwa za V ni kama mizunguko 1,000 kwa dakika. Wapo wanaopenda kuishusha sana ili mlio uwe mzito. Sikubaliani nao, kwa sababu presha ya oili hushuka pamoja na mizunguko, na injini inakuwa tayari kuzimika kila unaposhika klachi.

Neno moja kwa wanaosafiri. Kutoka Mbeya hadi Kyela unashuka zaidi ya mita 1,000, kutoka baridi ya Uyole na Isongole mpaka joto la Ziwa Nyasa. Kabureta uliyoibana mno kwa hewa ya Mbeya itakuwa na petroli pungufu ukifika kule. Ndiyo maana ninaacha skrubu ikiwa imeelekea kidogo upande wa petroli nyingi, wala sipunguzi jeti kubwa kwa pikipiki inayopanda na kushuka barabara hiyo. Wenye pikipiki za kompyuta hawana shida hii, kwa kuwa mfumo hupima hewa na kujirekebisha. Kwao kazi ni kusafisha mlango wa hewa na kuhakikisha sensa ziko salama.

Kwa kuwa hapa tuna kabureta mbili, lazima zivute sawa. Geji mbili za kupimia mvuto ndizo zinazofaa. Unaunganisha kila moja kwenye tundu la kabureta yake, unaelekeza feni kwenye injini isichemke, na unageuza skrubu iliyo kati ya kabureta mpaka sindano zilingane. Sikilizeni tofauti ya mlio kabla na baada. Kwangu mimi hili ndilo rekebisho linalobadilisha tabia ya injini ya V kwenye mwendo mdogo kuliko jingine lolote, na bado ndilo linalorukwa zaidi.

Rudi barabarani ufanye lile jaribio la mwanzo. Ikiwa gia ya tatu bado inalemea kwenye kilomita 40 au 50, sasa una sababu ya kubadilisha sproketi.

Kwanza hakikisha pikipiki yako inakubali. Yenye shafti ya kuzungusha gurudumu badala ya cheni, kama Honda VTX1300, haina njia rahisi ya kubadilisha uwiano. Yenye mkanda, kama Kawasaki Vulcan 900, inahitaji puli mpya na wakati mwingine mkanda wa urefu mwingine. Yenye cheni ndiyo nyepesi kwa kazi hii. Wala usidanganyike kununua sproketi ya bodaboda kwa sababu meno yanahesabika sawa: pikipiki nyingi za bodaboda hutumia cheni namba 428, ambayo umbali kati ya pini zake ni milimita 12.7, ilhali cheni za pikipiki kubwa, zile za 520, 525 na 530, zina umbali wa milimita 15.875. Haziingiliani kabisa. Agiza kwa namba ya cheni na jina kamili la modeli, na uchukue washa mpya ya kufungia nati.

Tuchukue mfano wa sproketi ya mbele yenye meno 17 na ya nyuma yenye meno 42. Gawa 42 kwa 17 upate 2.47. Ukiweka ya mbele yenye meno 16 unapata 2.63, yaani nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu imeongezeka kwa asilimia 6 hivi katika kila gia. Ili upate matokeo hayo kwa kubadilisha ya nyuma pekee ungehitaji meno 44 au 45, na huenda cheni ikawa fupi. Gharama yake ni hii: kama ulikuwa ukienda kilomita 100 kwa saa kwenye mizunguko 3,500, sasa itakuwa karibu 3,720. Kwa barabara zetu naona biashara hiyo ni nzuri, ila nashauri uishie jino moja. Sproketi ndogo zaidi huikunja cheni kwa ukali, huichosha mapema, na huisogeza karibu na mkono wa gurudumu la nyuma.

Tunaanza. Zima injini, iache ipoe, kisha weka alama mahali wenzo wa gia unapokaa kwenye shafti yake kabla ya kuutoa. Ondoa kifuniko cha sproketi na usafishe uchafu wote. Nyoosha ukingo wa washa uliokunjwa juu ya nati. Ndugu anayenisaidia anakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu huku pikipiki ikiwa kwenye gia ya kwanza, nami nalegeza nati hii wakati cheni bado imekaza. Ukilegeza cheni kwanza, breki haitakusaidia kitu. Sasa legeza nati ya ekseli ya nyuma, hesabu mizunguko ya skrubu za kukazia cheni pande zote mbili, sukuma gurudumu mbele, na utoe sproketi ya zamani.

Ilaze ya zamani juu ya mpya ulinganishe meno ya ndani, unene na upande unaotazama nje. Ukiona meno ya zamani yamechongoka na kuelemea upande mmoja, badilisha sproketi zote mbili pamoja na cheni, kwa kuwa kipya kikiwekwa juu ya kilichochakaa huliwa haraka. Ingiza mpya pamoja na cheni, weka washa na nati, vuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze, ndipo ukaze nati kwa kipimo cha kitabu ukitumia spana ya kupimia nguvu, tena msaidizi akiwa kwenye breki, halafu kunja washa.

Sasa tazama ekseli ya nyuma. Kwa jino moja lililopungua utaona ekseli imerudi nyuma kama milimita 4. Hakikisha bado iko ndani ya alama za kurekebishia, na kwamba pande zote mbili zinalingana. Pima ulegevu wa cheni upya, kaza ekseli, rudisha kifuniko na wenzo wa gia kwenye alama yake. Zungusha gurudumu kwa mkono ukitazama kama cheni inakwaruza kile kipande cha plastiki chini yake.

Kabla ya kwenda mbali, fahamu mita ya mwendo inasoma kutoka wapi. Ikisoma kwenye gurudumu la mbele, hakuna kilichobadilika. Ikisoma kwenye gia boksi, itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi kwa asilimia 6 hivi, na kilomita za safari zitaongezeka vivyo hivyo, jambo linalohusu pia hesabu yako ya kumwaga oili.

Jaribu taratibu: gia ya pili kwenye kilomita 30, ya tatu kwenye 45, kisha mlima unaoufahamu vizuri. Ukirudi, acha cheni ipoe, upime ulegevu wake na uikague nati ya mbele, kisha urudie ukaguzi huo baada ya kilomita 300 hivi, kwa maana cheni na sproketi zilizokutana upya hulegea kidogo zinapozoeana.