Daftari la Mashine Pepe

Habari za mchana, jamani. Tazameni skrini. Nawasha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta, kwa programu ya QEMU. Haina diski hata moja, na bado inaamka. Nembo hiyo ni ya TianoCore, mradi uliotokana na msimbo wa EFI, mtangulizi wa UEFI, ambao Intel iliufanya kuwa chanzo huria mwaka 2004. Humo ndimo inamotoka OVMF, programu dhibiti ya UEFI kwa ajili ya mashine pepe: ndiyo huiamsha mashine kabla ya mfumo endeshi. Usipoitaja, QEMU ya x86 (aina ya prosesa za Intel na AMD) kwa kawaida hukupa SeaBIOS, programu dhibiti ya mtindo wa BIOS, mambo ya kizamani.

Prosesa ya x86, hata iwe mpya namna gani, huamka ikiwa ya biti 16 na kutafuta agizo la kwanza kwenye anwani 0xFFFFFFF0, baiti 16 tu chini ya GB 4. OVMF hupachikwa hapo juu kabisa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi tunapoangukia. OVMF huja kwa faili mbili. OVMF_CODE.fd ndiyo programu yenyewe. Ipe QEMU kama pflash, yaani chipu ya flashi ya kuigizwa, ya kusomwa tu, na mashine mia zinaweza kuichangia, yaani kuitumia kwa pamoja. OVMF_VARS.fd ni daftari: mle huandikwa mfumo upi uwashwe kwanza, na funguo za Secure Boot, ulinzi unaokagua saini za programu kabla hazijawashwa. Daftari halichangiwi. Kila mashine inakiliwe lake.

Mimi nilichangia. Nilikuwa na mashine mbili, nikiwasha moja baada ya kuzima nyingine, nikaona kunakili ni usumbufu. Nikasakinisha mfumo kwenye ya pili, kisha nikarudi kwenye ya kwanza: Shell>, kwa rangi ya njano, yaani UEFI imekosa mfumo wa kuwasha na inangoja amri zangu. Nikajua diski imekufa! Nikaandika map -r kuorodhesha diski upya, nikaingia FS0:, mfumo wa faili wa kwanza, nikapiga ls kutazama faili. Faili zote zimetulia. Daftari ndilo lililokuwa likielekeza kwenye kizigeu (sehemu ya diski) cha mashine ya pili. Na kisakinishi changu hakikuweka kitu kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali UEFI inapochungulia ikikosa maelekezo.

Wapo wanaoipa QEMU hiyo OVMF kwa chaguo la -bios badala ya pflash, kwa sababu ni fupi. Itawaka, lakini hamna flashi ya kuandikia daftari.

Ndiyo, wewe wa nyuma? Kunakili daftari kwa amri ya cp? Inatosha kabisa, mashine ikiwa imezimwa. Na ukiihamishia kompyuta nyingine, diski na VARS yake visafiri pamoja.