Kodi ya Jenereta Kwenye Chipu Isiyo na Linux

Asanteni mliopenya foleni ya Ngong Road mkafika. Niingie kazini moja kwa moja: leo ni kodi, yaani msimbo wa programu, iliyoandikwa na jenereta, programu inayokuandikia programu.

Tuseme unatengeneza mita ya maji ya ploti kule Umoja. Ndani kuna chipu ndogo ya STM32F407: RAM kilobaiti 192, flashi megabaiti 1. Jenereta imekumwagia faili za C za kutuma vipimo na kupokea majibu kwa UDP (njia nyepesi ya kurusha pakiti mtandaoni), na kwenye laptopu zinapita bila neno. Zipeleke kwa arm-none-eabi-gcc, kompaila ya chipu hii: sys/socket.h, faili inayotangaza fanksheni za mtandao, haipo!

Wengi hapo hukimbilia /usr/include ya Ubuntu, wakanakili faili ile. Ukishahangaika na faili zinazogongana, kompaila hatimaye inanyamaza. Kisha linka, inayounganisha vipande vya programu, inaanza: socket haijulikani, sendto haijulikani, getaddrinfo haijulikani. Faili ya .h hutangaza tu. Wanaofanya kazi yenyewe ni glibc (maktaba ya C ya Linux) na kerneli, moyo wa Linux, na hapa hakuna hata mmoja. Na usiniambie utabeba .so (maktaba iliyokwisha kukompailiwa) ya laptopu. Ile ni ya prosesa za x86, ndugu yangu; Cortex-M4, prosesa iliyo ndani ya chipu yetu, haielewi amri zake.

Anza na arm-none-eabi-nm -u juu ya faili zako za .o, zile kompaila inazotoa kabla ya linka. Itakutajia kila jina linalotafuta mwenyewe. Ukiondoa yaliyomo kwenye newlib (maktaba ya C inayokuja na kompaila hii) na kwenye faili zako nyingine, yanayobaki kwa kawaida ni machache, na ndiyo kazi yako. Yaandikie faili yako pembeni. Kodi ya jenereta usiiguse kwa mkono, maana ukizalisha upya marekebisho yote yamefutika.

Chini ya faili hiyo weka lwIP, programu ndogo ya mtandao aliyoianzisha Adam Dunkels kule Sweden; huridhika na makumi ya kilobaiti za RAM. Ukiwa na FreeRTOS, mfumo mdogo wa kuendeshea chipu, lwIP inakupa fanksheni za soketi karibu zilezile. Bila mfumo wowote, unabaki na API yake ghafi (fanksheni zake za ndani kabisa), na hapo ndipo penye utamu. Kodi ya jenereta inaita recvfrom, ya kupokea pakiti, na kusubiri; lwIP ghafi haina kusubiri, pakiti ikifika yenyewe ndiyo inaita fanksheni yako. Kwa hiyo fanksheni hiyo iweke pakiti kwenye foleni ndogo, na recvfrom yako ichungulie foleni, irudi mara moja hata ikiwa tupu. Ukiiacha izunguke ikingoja huku hakuna anayesoma kadi ya mtandao, mita imeganda.

Na malloc, ile fanksheni ya kuomba RAM programu ikiwa inakimbia, utaikwepaje? Kwa Protocol Buffers, muundo wa kufungasha data, mimi hutumia nanopb, toleo lake la chipu ndogo. Weka max_size kwenye faili ya .options, na jina la mpangaji linakuwa safu yenye ukubwa unaojulikana tangu kukompaili.