Mashine Arobaini za Kuharibiwa: Kuchagua Jukwaa la Seva ya Shule

Ndugu walimu na mafundi wenzangu, asanteni kwa kubaki mpaka saa hizi. Nimeombwa niseme ni jukwaa gani la mashine pepe, yaani kompyuta nyingi za kiprogramu ndani ya seva moja, linaifaa shule yenye watumiaji wengi. Jina nitalitaja, msiwe na haraka.

Ofisini, mtu akivuruga kompyuta ameleta hasara. Kwetu sisi, mwanafunzi wa mitandao ambaye hajawahi kufuta anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) akaduwaa mbele ya skrini, bado hajasoma. Kuharibu ni sehemu ya somo. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: wanafunzi arobaini wakivuruga mashine zao kipindi cha pili, mwalimu atazirudishaje kabla ya kipindi cha tatu, bila kumpigia fundi simu?

Dawa yake ni kiolezo. Unaandaa mashine pepe moja, unaiwekea programu zote za somo, kisha unaifunga isibadilike. Mashine za wanafunzi zinazaliwa kutoka humo, na kila moja inahifadhi kwenye diski yale tu yaliyobadilika. Kiolezo cha GB 30 kikinakiliwa kizimakizima mara 40 kinakula GB 1,200. Kwa njia hii unaanza na zile zile 30 na nyongeza kidogo, na mashine iliyoharibika unaifuta tu, unazalisha nyingine kwa muda mfupi sana.

Halafu kuna RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, na hapa ndipo shule nyingi zinapoagiza seva kabla ya kumuuliza mwalimu anafundisha nini. Windows 11 inadai angalau GB 4. Zidisha mara 40: GB 160, na seva yenyewe bado haijapata yake. Linux nyepesi yenye madirisha ya kubofya inaridhika na GB 2. Kama somo ni kuandika amri tu, kontena za LXC, vyumba vyepesi ndani ya Linux, zinatumia kiini kimoja cha Linux kwa pamoja, na MB 512 kwa kila mwanafunzi zinatosha, yaani GB 20 kwa darasa zima. Na kama wanajifunza kuchapa barua, jamani, hamhitaji mashine pepe arobaini.

Diski nayo. Saa mbili asubuhi wote wanawasha kwa mpigo. Diski ya kuzunguka inamudu maombi mia moja hivi ya kusoma au kuandika hapa na pale kwa sekunde. Gawa kwa arobaini uone kila mtoto anabaki na nini. Nunueni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, la sivyo mtalilaumu jukwaa bure.

Tuje kwenye majina. VMware, jukwaa la kulipia, ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha kuuza leseni za kudumu. ESXi ya bure, programu yake ya kuendesha mashine pepe, iliondolewa 2024, ikarudishwa 2025. Mkuu wa shule atapangaje bajeti ya miaka mitano hapo? Hyper-V, jukwaa la Microsoft, inakuja na Windows Server. Kama shule tayari inatumia Active Directory (orodha ya watumiaji ya Microsoft) na mwalimu anaimudu, sibishi, ila leseni ya Standard inaruhusu mashine pepe mbili tu za Windows Server.

Mimi nachagua Proxmox VE. Inatoka Vienna, Austria, tangu 2008, imejengwa juu ya Debian (aina ya Linux), ina KVM, kiendeshaji cha Linux, kwa mashine kamili na LXC kwa kontena. Hakuna kipengele kilichofichwa nyuma ya malipo. Unacholipia, ukitaka, ni msaada na hazina ya masasisho yaliyopimwa zaidi. Unaunganisha LDAP, orodha ya watumiaji wa shule, unagawa ruhusa kwa vikundi, mwanafunzi anafungua kivinjari na kuiona mashine yake peke yake. Tahadhari: jukwaa la bure haliifanyi Windows iliyomo ndani kuwa ya bure. Leseni zake zihesabuni mapema.

Wenye seva mbili mlioniuliza wakati wa chai: kuziunganisha kwenye klasta, yaani zifanye kazi kama kundi moja, kunahitaji kura za walio wengi, na mbili zikitengana hakuna mwenye wingi. Tafuteni kura ya tatu. Hata Raspberry Pi moja, kompyuta ndogo ya bei nafuu, inatosha kazi hiyo, mradi iwe kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika).

Sasa naomba mwalimu mmoja aje mbele aifute mashine hii hapa, tuhesabu muda wa kuirudisha.